NYONGA BANDIA NAYO HUCHAKAA
Maelezo kuhusu msuguano na ulikaji wa metali ndani ya mwili

Kubadilisha nyonga ni upasuaji ambao kichwa cha fupa la paja kilichoharibika hukatwa na kuondolewa, na mahali pake pakawekwa kichwa cha kutengenezwa chenye mguu wa metali unaozama ndani ya fupa hilo. Tundu la nyonga nalo huchongwa na kuvishwa kikombe. Mgonjwa aliyekuwa hawezi kuvuka ua wa nyumba yake bila ya mkongojo hurejea shambani, sokoni na ofisini. Kwa sababu ya unafuu huo mkubwa, wengi hudhani kwamba shughuli imekwisha siku ya kutolewa nyuzi. Dhana hiyo si sahihi, na imewagharimu watu wengi duniani. Nyonga bandia ni chombo kama vyombo vingine, na chombo kinachosuguana huchakaa.

Maelezo haya yanatolewa kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla, wawe ni wakaazi wa Mjini Unguja au wa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje katika Mkoa wa Songwe, ng'ambo ya Mto Songwe ikiwa ni nchi ya Malawi. Itumba imetajwa kwa makusudi. Ileje ni wilaya ya milima na mabonde, na mkulima wa kahawa huko hupanda na kushuka mteremko akiwa na mzigo begani au kichwani. Aidha, anayeishi huko akihitaji kuonana na bingwa wa mifupa hulazimika kwanza kufika Mbeya, na pengine kuendelea hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) mjini Dar es Salaam, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na ambayo miongoni mwa kazi zake ni kubadilisha nyonga na magoti. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilometa 800. Mtu wa namna hiyo hawezi kwenda kuangaliwa kila anapohisi kijiumivu, na ndiyo maana inampasa afahamu mwenyewe ni kitu gani kimo ndani ya mwili wake na kinaharibika vipi.

Kwanza ifahamike mzigo wenyewe. Mtu anapotembea njia ya kawaida, nyonga hubanwa kwa nguvu inayofikia mara mbili na nusu hadi mara tatu ya uzito wake. Mwenye kilo 60, kwa hiyo, huikandamiza nyonga yake kwa kiasi cha kilo 150 hadi 180 katika kila hatua, na hapo bado hajajitwika ndoo wala gunia. Wataalamu wanaopima vifaa hivi katika maabara hukadiria kwamba mguu mmoja hupiga hatua milioni moja kwa mwaka. Hakuna bawaba ya mlango inayofanyishwa kazi ya namna hiyo, na bawaba ya mlango hutiwa mafuta.

ILIVYOANZA

Aliyeufanya upasuaji huu uwe wa kutegemewa ni daktari Mwingereza, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington. Katika miaka ya mwisho ya 1950 alianza kutumia vikombe vya Teflon, ile plastiki inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisishike. Aliichagua kwa sababu ya utelezi wake. Wagonjwa wa mwanzo walifurahi mno. Haikupita miaka mitatu, vikombe vikaanza kutoboka kwa kuliwa na kichwa cha metali, na wagonjwa wapatao 300 wakawa katika hali ya kuhitaji kufunguliwa tena. Charnley alipowafungua alikuta, mbali na kikombe kilicholika, tope jeupe la ungaunga wa Teflon lililozungukwa na nyama iliyovimba, na mfupa wa pembeni umemomonyoka.

Ili kujiridhisha kwamba ungaunga huo ndio mkosaji, alijidunga mwenyewe pajani chembe za Teflon pamoja na chembe za plastiki nyingine, akangoja. Baada ya miezi kadhaa mahali pa Teflon palikuwa na vinundu vigumu; habari hiyo aliichapisha mwaka 1963. Si kila mtaalamu anayekubali kuwa mgonjwa wa utafiti wake mwenyewe, na Charnley anastahili kukumbukwa kwa hilo sawa na anavyokumbukwa kwa upasuaji wake.

Plastiki hiyo nyingine ilikuwa polietilini ya aina nzito sana. Ilifika Wrightington kwa njia ya ajabu kidogo: muuzaji mmoja aliyekuwa akiwauzia wenye viwanda vya nguo plastiki ya kutengenezea magurudumu ya meno ya mitambo ya kufumia alimwachia fundi wa maabara ya Charnley, Harry Craven, kipande cha kujaribia. Charnley alikitazama akakidharau. Craven hakukitupa; alikiweka kwenye mashine ya kusugulia. Baada ya wiki tatu kilikuwa hakijalika hata kiasi ambacho Teflon ingelika kwa siku moja. Mwezi wa Novemba 1962 kikombe cha kwanza cha polietilini kikawekwa kwa mgonjwa, na hadi leo plastiki hiyo, ikiwa imeboreshwa, ndiyo inayotumika zaidi duniani. Kwa hivyo mamilioni ya watu wanatembea leo kwa sababu fundi mmoja hakukubaliana na mkubwa wake wa kazi.

CHEMBE ZISIZOONEKANA

Polietilini ya zamani ililika kwa wastani wa sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka. Kiasi hicho ni kidogo, na kikombe chenye unene wa milimita 8 au 10 kingeweza kukaa miaka mingi bila ya kutoboka. Tatizo haliko kwenye kikombe. Liko kwenye kile kinachotoka ndani yake. Katika kila hatua hutoka chembe kwa malaki, nyingi zikiwa ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na mwili hauna njia ya kuziyeyusha. Seli za ulinzi, ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na takataka, huzimeza chembe hizo zikidhani ni adui. Zikishindwa kuzisaga, hutoa ishara za kuita msaada, na ishara hizo ndizo zinazoziamsha seli nyingine zinazokula mfupa. Matokeo yake ni kwamba mwili, katika kujitetea dhidi ya plastiki, unaubomoa ukuta wa nyumba yake wenyewe.

Kumomonyoka huku kwa mfupa hakuumi. Hapa ndipo penye hatari, na wananchi wanaombwa wapazingatie. Mtu anaweza kulima, kupanda pikipiki na kufanya kazi zake zote kwa miaka, na huku mfupa unaoshikilia nyonga yake unatobolewa mashimo ambayo huonekana kwa eksirei tu. Siku ya kuumwa ni siku ambayo kifaa kimekwisha kulegea, au mfupa umevunjika kwa kujikwaa kidogo. Wakati huo kukirekebisha si kubadilisha kikombe tu, bali ni kujaza mfupa mwingine, kuweka kifaa kikubwa zaidi na kirefu zaidi, na kumlaza mgonjwa kwa muda mrefu zaidi, kwa gharama iliyo mbali na ile ya mwanzo.

Kwa miaka kadhaa madaktari walikosea kumtambua mwenye hatia. Mashimo hayo yalipoonekana katika miaka ya 1970, lawama iliangukia saruji, yaani gundi ngumu inayotumika kukishikiza kifaa kwenye mfupa, na maradhi yakaitwa maradhi ya saruji. Vikatengenezwa vifaa visivyohitaji saruji. Mashimo yakaendelea kutokea. Ndipo ilipobainika kwamba chembe ndizo hasa zinazoleta madhara, na za plastiki zaidi kuliko zote.

Ufumbuzi ulioanza kutumika kwa wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1990 ni kuipiga polietilini mionzi ili nyuzi zake zishikane, kisha kuipasha moto ili isije ikaharibiwa na oksijeni. Plastiki hiyo hulika kidogo sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya kumbukumbu za miaka mingi za nchi kadhaa, ulikadiria kwamba nyonga bandia 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Na nyingi kati ya hizo ziliwekwa kabla ya plastiki mpya kuenea.

Makadirio hayo, hata hivyo, yametokana na nchi ambazo mgonjwa wa kawaida ni mzee. Kwetu si hivyo. Malawi, jirani wa Itumba, ilianzisha daftari la taifa la viungo bandia, na taarifa yake iliyochapishwa mwaka 2009 ilionesha kwamba katika nyonga 73 zilizokuwa zimebadilishwa kwa wagonjwa 58, nyonga 35 ziliharibika kwa kufa kichwa cha fupa la paja kutokana na kukosa damu, na 22 kwa kuchakaa kwa kawaida kwa kiungo. Kufa kwa kichwa cha paja huwapata vijana pia: wenye selimundu, waliotumia dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu, walevi wa kupindukia, na walioumia ajalini. Kijana wa miaka 30 anayewekewa nyonga bandia, akajaaliwa umri, ataishi kuliko nyonga hiyo, tena ataitumia kwa nguvu zaidi kuliko mzee wa miaka 75.

METALI KWA METALI

Kwa kuwa plastiki ilikuwa ndiyo mkosaji, wapo waliofikiri kwamba dawa ni kuiondoa kabisa na kuweka kichwa cha metali ndani ya kikombe cha metali, vyote vya mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Fikra hiyo ilikuwa ya zamani, ikafufuliwa kwa nguvu katika miaka ya 1990 na kutangazwa kuwa inawafaa vijana. Ni kweli kwamba metali kwa metali hulika kwa uzito mdogo kuliko plastiki. Lakini chembe zake ni ndogo zaidi na nyingi zaidi, na metali iliyo katika hali ya ungaunga huyeyuka na kuingia katika damu.

Kifaa kilichojulikana zaidi ni ASR cha kampuni ya DePuy, tawi la Johnson & Johnson. Daftari la taifa la Australia lilianza kuonesha mwaka 2007 kwamba kifaa hicho kinafunguliwa upya mara nyingi kuliko vingine. Mwezi Agosti 2010 kampuni ilikiondoa sokoni duniani kote, vikiwa vimekwisha kuwekwa kwa watu wapatao 93,000. Kumbukumbu za Uingereza wakati huo zilionesha kwamba kati ya watu 100 waliowekewa, 12 au 13 walikuwa wamefunguliwa tena katika miaka mitano. Mwaka 2013 kampuni ilikubali kulipa takriban dola bilioni 2.5 kwa wagonjwa wapatao 8,000 wa Marekani.

Ijulikane kwamba aliyegundua kasoro hiyo hakuwa daktari mmoja wala hospitali moja. Daktari anayeweka vifaa 20 kwa mwaka, vikimharibikia viwili, ataona ni bahati mbaya. Ni daftari la nchi nzima, linaloandika aina ya kifaa na siku kilipowekwa na siku kilipotolewa, ndilo linaloweza kuona. Sweden ilianza kuliweka tangu 1979, Uingereza 2003.

ULIKAJI KWENYE MAUNGIO

Mkaazi wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba chumvi hula chuma. Aangalie mabati ya nyumba yake. Maji ya mwili wa binadamu nayo yana chumvi. Metali za nyonga bandia huhimili kwa sababu juu yake kuna utando mwembamba mno wa oksidi, ambao huzuia maji yasiifikie metali yenyewe. Utando ukikwanguliwa hujirudia papo hapo, iwapo oksijeni ipo.

Sasa, kichwa na mguu wa nyonga bandia mara nyingi si kipande kimoja. Kichwa kina tundu ambalo huvishwa kwenye ncha ya mguu iliyochongwa mfano wa pia, na kukazwa kwa kugongwa, kama vile jembe linavyokazwa kwenye mpini wake. Faida yake ni kwamba daktari huweza kuchagua kichwa kinachomfaa mgonjwa. Hasara yake ni ile ile ya jembe: likicheza kidogo, litazidi kucheza. Mchezo wa nyonga ni wa sehemu za elfu za milimita tu, usiohisika, lakini unatosha kukwangua utando katika kila hatua. Ndani ya mwanya huo oksijeni huisha, chumvi hujikusanya, asidi huongezeka, na metali huanza kuliwa. Madaktari wanaofungua nyonga za namna hii hukuta masizi meusi kwenye maungio, na nyama ya pembeni imekufa au imejikusanya kama uvimbe, ingawa si saratani. Ajabu ni kwamba jambo hili hutokea hata pale ambapo kikombe ni cha plastiki, kwa hiyo mgonjwa aliyeambiwa kwamba nyonga yake si ya metali kwa metali asijione amesalimika moja kwa moja.

Mwezi Julai 2012 kampuni ya Stryker ya Marekani iliondoa sokoni aina mbili za vifaa vyake, Rejuvenate na ABG II, vilivyokuwa na shingo ya kuunganishwa, kwa sababu ya ulikaji katika ungio hilo la ziada. Kichwa cha seramiki hupunguza tatizo hili, kwani seramiki haina metali ya kuliwa.

Kobalti kidogo imo mwilini mwa kila mtu, kwani ni sehemu ya vitamini B12. Ikizidi ni sumu ya moyo, macho, masikio na mishipa ya fahamu. Hilo lilijulikana tangu miaka ya 1960 huko Quebec, Kanada, pale wanywaji wa bia walipougua moyo na baadhi yao kufariki, na ikabainika kwamba kiwanda kilitia kobalti ili povu lidumu. Mwaka 2014 madaktari wa Marburg, Ujerumani, walieleza habari za mtu wa miaka 55 aliyekuwa akiugua moyo, haoni vizuri, hasikii vizuri, na hakuna aliyejua sababu. Nyonga yake ya seramiki ilikuwa imevunjika, akawekewa kichwa cha metali. Vipande vya seramiki vilivyobaki vikakisaga kichwa hicho kama msasa, na kobalti ikajaa katika damu. Alikuwa akitibiwa moyo, na ugonjwa ulikuwa nyongani.

Mamlaka ya Uingereza iliweka mikrogramu 7 za kobalti au kromiamu katika lita moja ya damu kuwa kiwango kinachotaka uchunguzi zaidi. Kipimo hicho si cha kila hospitali, lakini dalili zinaweza kusikilizwa na mganga yeyote, ilimradi aambiwe kwamba mgonjwa ana nyonga bandia. Mara nyingi haambiwi.

YANAYOWAHUSU WATUMISHI NA WANANCHI

Watumishi wanaohusika na ununuzi au upokeaji wa misaada ya vifaa tiba wanapaswa kuangalia mambo mawili ambayo huonekana madogo. La kwanza ni tarehe iliyo kwenye kasha. Vikombe vya polietilini vya zamani, vilivyotakaswa kwa mionzi huku vikiwa vimefungwa pamoja na hewa, huendelea kuharibika vikiwa rafuni. Kifaa kilichokaa miaka mingi ghalani kinaweza kulika upesi kikishawekwa, ijapokuwa kwa macho ni kipya na kimetolewa bure. La pili ni kutochanganya kichwa cha kampuni moja na mguu wa kampuni nyingine. Pia zile hazichongwi kwa pembe moja, na tofauti isiyoonekana kwa macho inatosha kuanzisha ulikaji ulioelezwa hapo juu.

Kwa upande wa mgonjwa, jambo la kwanza ni karatasi. Kila kasha la kifaa huwa na vibandiko vyenye jina la mtengenezaji, aina, ukubwa na namba ya toleo. Mgonjwa ana haki ya kuomba vibandiko hivyo vibandikwe kwenye kadi yake pamoja na kwenye jalada la hospitali. Bila ya namba hizo, kampuni ikitangaza kuondoa kifaa sokoni, mtu wa Itumba hatajua kama anahusika au hahusiki, na daktari atakayemfungua baadaye hatajua ni zana zipi azitayarishe.

Halikadhalika picha ya kwanza ya eksirei, ile inayopigwa mara baada ya upasuaji, itunzwe na isiachwe hospitali ya mbali. Picha mpya peke yake husema machache. Ikiwekwa ubavuni mwa ile ya kwanza, hata daktari asiye bingwa wa mifupa ataona kama kichwa kimezama ndani ya kikombe au kama kuna kivuli cheusi kwenye mfupa ambacho hakikuwepo. Kwa hivyo aliye Ileje anaweza kupigwa picha katika hospitali iliyo karibu naye yenye mashine hiyo, na picha zote mbili zikatumwa kwa bingwa, badala ya mgonjwa kusafiri. Kwa ratiba ya kuangaliwa, afuate atakavyopangiwa na aliyemfanyia upasuaji, na asiiache kwa sababu tu haumwi.

Dalili zinazotaka kuonwa na daktari bila ya kungoja ratiba ni maumivu mapya ya kinena au paja, hasa mtu anapoinuka kitini, kuchechemea kulikokwisha kuondoka na sasa kumerudi, uvimbe, mlio wa kukwaruza, na mguu unaoonekana kuwa mfupi kuliko ulivyokuwa. Mwenye nyonga yenye metali akianza kuchoka moyo, kupungukiwa na kusikia au kuona bila ya sababu inayojulikana, na amtajie mganga nyonga yake kabla ya kitu kingine. Kuchuchumaa na kukaa chini jamvini kwahusu zaidi kuteguka, lakini pia huifanya nyonga isuguane kwenye ukingo wa kikombe, mahali ambapo hulika vibaya. Mwenye kusali aombe ushauri kuhusu kutumia kiti.

Wazee waliovunjika shingo ya paja aghalabu huwekewa nusu tu ya nyonga, yaani kichwa cha metali bila ya kikombe. Kwa hao kinacholika ni gegedu la tundu lao wenyewe, na maumivu ya kinena yanayoanza miaka kadhaa baadaye yana maana hiyo.

Hitilafu ya kifaa chochote kilichopandikizwa hutolewa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa upande wa Tanzania Bara, na kwa Wakala wa Chakula na Dawa kwa upande wa Zanzibar. Kifaa kilichotolewa mwilini kisitupwe kabla ya kuandikwa namba zake na kupigwa picha, na mtumishi anayehamishwa kituo cha kazi achukue kadi na picha zake za eksirei pamoja na mizigo yake mingine.